Majani ya Shangazi

Majani ya maharage yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu anayeficha kitu kiganjani. Mama Pacha aliinama, akalikunjua moja kwa kidole gumba, alipoliachia, likajirudi. Akahamia kwenye nyanya. Huko vilele vilikuwa vimesokotana na kuwa vyembamba kama nywele zilizopitiwa na moto, na mashina yalikuwa yamepinda ovyo. Katikati ya maafa hayo, mistari ya vitunguu ilisimama wima, kijani kibichi, kana kwamba haikuhusika na msiba wa jirani. Hata mahindi ya pembezoni hayakuwa na neno.

"Baba," aliita, "njoo uone."

Baba mkwe wake alitoka zizini na uma mkononi. Mtaani walimwita Mzee Samadi, na jina hilo alilipokea kama cheo. Miaka yote ambayo majirani walikuwa wakihamia kwenye mbolea ya mfuko na dawa ya kuua magugu, yeye alizoea kusimama milangoni mwao na kuwaeleza, watake wasitake, kwamba udongo una tumbo, na tumbo hulishwa, halichomwi sindano. Bustani yake ililishwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye kipaji cheupe. Ng'ombe huyo aliitwa Shangazi, kwa sababu hakuna alichopewa akakipokea bila kukinusa kwanza na kulalamika.

Mzee aliyatazama maharage, akazitazama nyanya, kisha akamtazama mke wa mwanawe.

"Hii ni dawa," alisema. "Hii si kazi ya wadudu wala ya ukame. Kuna mtu ametia dawa hapa."

"Nani, Baba? Hapa tunaingia sisi tu."

Mzee alilitazama jembe lililokuwa mkononi mwa Mama Pacha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

*

Familia hiyo iliishi kwa mambo mawili: mwiko wa mwana, aliyekuwa mwashi wa nyumba za watu, na mboga za bustani, zilizonunuliwa na jiko la hospitali. Hospitali ilikuwa na wauzaji wengi wa kuchagua. Ilimchagua Mzee Samadi kwa sababu mpishi mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru, alitaka wagonjwa wake wale mboga isiyopuliziwa kitu. Makubaliano hayo yaliwekwa kwa mdomo, mbele ya sufuria kubwa, na Mama Pacha ndiye aliyekuwa akipeleka kapu.

Siku hiyo alipeleka alichokipata. Mpishi mkuu alichomoa ganda moja la maharage, akaliinua juu ili wasaidizi wake wote walione.

"Jamani, hii ni mboga au ni ndoana ya kuvulia samaki?"

Jiko zima liliangua kicheko. Mmoja aliyekuwa akimenya viazi akadakia, "Mwulize, mama, labda ana samaki nyumbani!"

Mama Pacha alicheka pamoja nao, kwa sababu anayechekwa akicheka huumia kidogo zaidi, lakini anaumia akiwa amesimama.

"Kuna ugonjwa umeingia bustanini, mama," alisema. "Tutaupatia ufumbuzi."

"Ugonjwa au dawa?" Mpishi alilirudisha ganda kapuni. Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo ilipoogopesha. "Mwanangu, mimi nawapikia watu wenye matumbo yaliyokatwa juzi. Vitunguu nachukua. Hivi vingine rudi navyo. Na mkishindwa kuniambia ni nini kilichoingia humo, mwisho wa mwezi nitatafuta mtu mwingine. Usinione mbaya. Mgonjwa hali historia ya bustani yenu."

Alirudi nyumbani na kapu likiwa na uzito karibu uleule aliokwenda nao. Njia nzima alikuwa akilibadilisha bega, kana kwamba tatizo lilikuwa bega.

*

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Bomba. Kijana huyo alikuwa akizunguka mashambani mwa watu na pampu ya kupulizia dawa mgongoni, na kiwanja cha jirani kilichopakana na bustani kilikuwa cha mteja wake. Mzee alimkuta kwenye bomba la maji la mtaa, amepanga foleni kama wengine, na hakungoja faragha.

"Wewe! Umeniulia bustani!"

Wanawake waliokuwa wakijaza ndoo waliinua vichwa. Bomba aligeuka taratibu, pampu yake tupu ikigonga kiuno.

"Shikamoo, Mzee Samadi. Nimekuulia nini?"

"Usinipe shikamoo ya sumu. Maharage yangu yamejikunja yote. Nani mwingine hapa mtaani anatembea na kifo mgongoni?"

"Mzee wangu, upepo wa hapa unatoka kwako unakuja kwangu. Mimi ndiye ninayenusa samadi yako kila siku, na sijawahi kukushitaki."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana Mzee hakuzoea kuchekwa akiwa upande wa haki. Akasema maneno ambayo baadaye alitamani yangemezwa na maji ya bomba: kwamba Bomba alikuwa muuaji wa vyura na nyuki, kwamba hata kuku wa nyumbani kwake hawatagi, kwamba ndiyo maana hakuna aliyekubali kumwoza binti. Bomba, ambaye posa yake ilikuwa imekataliwa mwaka uleule, na kwa sababu hiyohiyo ya kazi, aliinua ndoo yake kabla haijajaa akaondoka. Hakuna aliyecheka tena.

Jioni mwashi aliporudi kutoka kazini, na saruji imemkauka kwenye nyusi, alizunguka bustani pamoja na baba yake. Jicho lake lilikuwa limezoea kupima kuta.

"Baba, ingekuwa ni upepo wa Bomba, mistari ya karibu na uzio ndiyo ingeumia zaidi. Huku kati kungekuwa na nafuu. Tazama, yote ni sawasawa. Hiki kitu hakikutoka nje."

Alisema hivyo kwa nia njema, kumtetea kijana wa watu. Hakujua alikuwa akiufungua mlango gani.

*

Wakati wa chakula Mzee alinawa mikono polepole mno.

"Nani humu ndani alisema mgongo unamuuma kwa palizi?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

Mama Pacha aliweka kijiko chini. Ni kweli alikuwa amesema. Mwanzoni mwa msimu, akiwa amepiga magoti bustanini tangu asubuhi, alisema kwa sauti kwamba matone kidogo tu ya dawa ya magugu yangempumzisha. Mzee alimhutubia siku nzima, na yeye akaomba radhi.

"Nilisema, Baba. Kusema si kutia."

"Na nani alionekana uzioni anazungumza na Bomba?"

"Alikuwa ananiuliza habari za ndugu yangu wa kike!"

"Mzee wangu," mke wa Mzee aliingilia, "kula. Chakula kinapoa."

Huyo Bibi alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa kawaida machache hayo yalitosha. Usiku huo hayakutosha. Mzee aliinuka, akaenda barazani, akalichukua jembe la mkwewe lililokuwa limeegemezwa ukutani na kuliingiza chumbani kwake. Mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja vya Mama Pacha tangu alipoolewa. Sehemu mbili, moja ya mkono wa kulia na nyingine ya kushoto, zilikuwa zimeingia ndani kidogo. Mlango ukafungwa.

Walipobaki wawili, mwashi alikaa ukingoni mwa kitanda, akiuchokonoa ukucha wake wenye saruji.

"Uliweka?" aliuliza.

Mama Pacha alikuwa akikunja sare za watoto. Hakuacha kuzikunja.

"Umeniuliza," alisema.

"Nauliza tu, mke wangu, nipate la kumjibu."

"Kumbe ulikuwa huna la kumjibu."

*

Bonde lilikuwa nyuma ya mji. Zamani lilikuwa la kila mtu, maana yake lilikuwa halina mwenyewe wa kuliwekea uzio. Nyasi zake zilifika kiunoni, na ndani ya nyasi hizo kulikuwa na kila aina ya jani: machungu, matamu, yenye maua ya njano yaliyoacha vumbi kwenye magoti, yenye miiba midogo iliyoshika sketi za wasichana. Mvua ikipita, vyura walilijaza bonde kwa kelele hata watu wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti. Mzee Samadi, akiwa kijana asiye na jina la utani, alikata majani huko na mundu wa mama yake. Huko ndiko alikomwona msichana mmoja aliyekuwa akifunga mzigo wake kwa kamba aliyoisokota kwa majani yenyewe, upesi upesi, bila kuitazama mikono yake. Alimwomba amfundishe. Alijifanya hajui kwa majuma mengi.

Sasa bonde lilikuwa shamba la marobota. Kampuni ililikodi, ikalilima, ikapanda nyasi za aina moja tu na kuzifunga marobota kwa ajili ya ng'ombe wa mbali. Siku ya mkutano wa kulipinga shamba hilo, Mzee alisimama akatangaza kwamba mguu wake hautakanyaga ndani ya uzio ule mpaka anakufa. Alipigiwa makofi mengi.

Lakini Shangazi hakuwa akila hotuba. Ukingo wa mto ulikuwa umelimwa, njia ya ng'ombe imekuwa barabara, na viwanja vyote vya wazi vimejengwa, vingine na mwanawe mwenyewe. Ng'ombe alianza kuonyesha mbavu. Ndipo Mzee akaanza kutoka alfajiri na baiskeli, akiaga kwamba anakwenda kukata majani ya kando ya barabara.

Mlinzi wa geti la shamba alikwisha kumzoea.

"Shikamoo, Mzee. Mguu bado haujakanyaga?"

"Marahaba. Bado."

"Basi simama hapohapo nisikuvunjie kiapo."

Na mlinzi, kwa kicheko kisicho na ubaya mwingi, alilisukuma kwa buti robota lililopasuka, likabingirika chini ya boriti iliyoziba geti hadi miguuni pa mzee. Marobota yaliyopasuka yalikuwa ya kutupwa, hayakuuzwa. Mzee aliinama, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa nyuzi zake zenyewe za plastiki, za rangi ya chungwa, akasema ahsante. Kila mara alisema ahsante. Kisha aliinua macho akalitazama bonde lilivyonyooka, kijani tupu hadi mwisho wa macho. Hapakuwa na ua la njano wala mwiba, wala jani lolote pana. Hapakuwa na chura aliyelia. Akapanda baiskeli na harufu ya nyasi kavu ikamfuata mgongoni, harufu ileile ya ujanani, ikiwa imefungwa robota.

*

Bwana shamba alifika na pikipiki iliyoishiwa mafuta mbele ya geti, kwa hiyo aliingia akiisukuma, akiwa ametoka jasho.

"Serikali imefika kwa miguu," alisema, na Bibi akampa maji.

Alikuwa kijana mwenye subira. Alitembea mistari yote, akachuma majani, akayapanga kiganjani. Aliuliza kuhusu vitunguu, akaambiwa viko salama. Aliuliza kuhusu mahindi, akaenda mwenyewe kuyashika. Kisha akasimama mbele ya lundo la samadi lililokuwa likifuka mvuke mwembamba.

"Hii mliitia kila mahali?"

"Kila mahali," alisema Mzee kwa fahari. "Tangu kabla hujazaliwa."

"Ninauliza kwa sababu moja, Mzee. Kuna dawa inayopulizwa kwenye mashamba ya nyasi. Nyasi haizidhuru, inaua majani mapana tu. Vitunguu na mahindi ni jamaa za nyasi, itaviacha. Nyanya na maharage ni majani mapana. Sasa ng'ombe akila nyasi hizo, yeye hasikii kitu. Lakini dawa ile haifi tumboni mwake. Inaingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu, inakaa kwenye samadi msimu baada ya msimu." Akageuka. "Ng'ombe wako anakula majani ya wapi?"

Bibi alikuwa mlangoni na bilauri tupu. Mama Pacha alikuwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na shati la mumewe lenye maji mikononi. Mkono wake ulisimama juu ya kamba hiyo, ukaishika. Kisha akalitandaza shati na kurudi nyuma yake, asionekane uso.

"Ya kando ya barabara," alisema Mzee. "Nakata mwenyewe."

"Una hakika?"

"Kijana, mimi ninayeikataa dawa niende kuifuata?"

Bwana shamba alikuna kidevu. "Basi labda si samadi. Lakini si vibaya tukahakikisha. Chukueni makopo mawili. Moja litieni udongo mtupu, wa mahali pasipotiwa chochote. La pili changanyeni udongo huohuo na samadi hii. Pandeni maharage ya mfuko mmoja, mwagilieni sawasawa, myaweke palipo na jua. Maharage hayajui kusema uongo. Hayana ndugu humu ndani."

"Nitapanda mimi," alisema Mama Pacha nyuma ya shati.

"Apande mwingine," alisema Mzee.

"Atapanda yeye," alisema Bibi. "Mbele yako. Na makopo yatakaa dirishani sebuleni, kila mtu ayaone."

*

Hakuna nyumba iliyowahi kuyatazama makopo namna ile. Mwashi akitoka kazini aliyatazama kabla hajasalimu. Watoto waliyapita kwa kunyata. Mama Pacha aliyamwagilia asubuhi kwa kikombe kimoja, nusu huku na nusu huku. Kwa kuwa jembe lake lilikuwa limefungiwa, alipalilia vitunguu kwa mikono, amechuchumaa, na majirani waliopita nje wakauliza kwa sauti kama siku hizi majembe yamekwisha madukani.

Mzee alijiambia kwamba haogopi. Nyasi za bondeni zilikuwa nzuri, alijiambia, safi, Shangazi mwenyewe hakuzinusa mara mbili. Lakini hakwenda tena kwenye geti. Alimlisha ng'ombe maganda na mabua, na ng'ombe akalalamika.

Maharage yalichipua yote mawili kwa siku moja. Majani ya kwanza, yale ya mviringo, hayakuonyesha tofauti. Mzee alikula vizuri siku hiyo, hata akatania. Yalipokuja majani ya pili, la kopo la udongo mtupu lilifunguka kama kiganja cha mtoto anayeomba. La kopo la samadi lilitoka limekunjwa tayari.

Yeye ndiye aliyeliona kwanza, asubuhi, wengine wakiwa bado wananawa uso. Alisimama dirishani. Makopo yalikuwa ya aina moja, ya rangi moja. Hayakuwa na alama ila mahali yalipowekwa, udongo mtupu kushoto, samadi kulia. Mzee alilichukua la kulia. Akalichukua la kushoto. Akabaki amesimama, moja kila mkono, kama mtu aliyepewa vikombe vya chai kwa wageni wasiokuwepo.

"Yarudishe yalipokuwa," alisema mkewe nyuma yake.

Hakugeuka. "Nilikuwa nayatazama tu."

"Yarudishe kwanza, halafu uyatazame."

Aliyarudisha, kila moja mahali pake. Bibi alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisimama bondeni kupumzisha migongo.

"Koti lako nalifua mimi," alisema. "Unadhani siijui harufu ya bonde?"

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ningekwambia, lakini..." Alicheka kidogo, kwa haya, kama msichana. "Nilikuwa nalishika lile koti usoni kabla sijalitia majini. Nikilinusa namwona yule mvulana asiyejua kusokota kamba. Nikasema, mwache mzee wa watu aende anakokwenda, mradi anarudi na harufu hii. Kwa hiyo hata mimi nina sehemu yangu katika hili. Lakini mimi sikumnyang'anya mtu jembe."

Mzee alifumba macho.

"Na yule binti," Bibi aliendelea, "kamba yake ya kuanikia nguo umeitazama? Ameisuka kwa nyuzi za rangi ya chungwa alizokuwa akizichambua kwenye samadi yako. Siku ya bwana shamba alizishika, nikamwona. Anajua zinakotoka, kila mtu mjini hapa anazijua. Angesema neno moja tu mbele ya mgeni, angekuwa huru. Amelala na njaa ya jina lake jema ili wewe usiaibike."

*

Mama Pacha alikuwa akiwasha moto Mzee alipotokea jikoni, mahali ambapo hakuzoea kuingia. Jembe lilikuwa mkononi mwake. Mwashi, aliyekuwa akifunga viatu vya kazi, alisimama na kimoja mguuni.

"Mwanangu," Mzee alisema. Alimnyooshea mpini. "Jembe lako hili. Ile sumu niliileta mimi. Kwenye baiskeli. Nilikuwa naombaomba marobota kwenye geti la shamba, wananisukumia kwa mguu, nami nashukuru. Niliona aibu kusema. Nikaona ni heri aibu hiyo uibebe wewe."

Mama Pacha alilipokea jembe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anavyopokea mtu kitu kwa mkubwa wake. Viganja vyake vilijiweka vyenyewe mahali pake kwenye mpini. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa hasira.

"Ungesema, Baba. Tungekwenda wote. Hata mimi naweza kuomba majani."

"Najua."

"Mke wangu," alianza mwashi.

"Wewe nyamaza kwanza," alisema, akifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Baba alinituhumu kwa sababu alikuwa na la kuficha. Wewe hukuwa na la kuficha, na bado ukaniuliza. Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nina kazi."

Kazi hiyo ilikuwa kwenda hospitali kumweleza mpishi mkuu ukweli wote. Mzee alitaka kwenda naye, akaenda, akasema mwenyewe mbele ya sufuria na wamenya viazi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba maharage na nyanya atazichukua kwingine mpaka udongo wao utakapopona, na hakujua ungepona lini, wala wao hawakujua. Vitunguu ataendelea kununua. Kapu lingekuwa jepesi kwa muda mrefu. Nyumbani watakula vya mwiko zaidi kuliko vya jembe. Lundo la samadi walilipakia kidogo kidogo na kulitandaza kwenye mahindi, bwana shamba alivyoelekeza, na kila msimu wangepanda kopo moja la maharage dirishani, kuuliza.

Kwenye bomba la maji Mzee alikwenda peke yake. Alichagua saa ambayo foleni ni ndefu, ileile aliyokuwa amemtukania Bomba, akayatamka makosa yake kwa sauti ya kusikika mpaka ndoo ya mwisho. Bomba alimsikiliza, akiutazama mfereji.

"Na lile la kuozwa?" aliuliza.

"Hilo hasa. Hilo halikuwa na sababu."

"Sawa," alisema Bomba. Alijaza ndoo yake mpaka juu safari hii.

*

Lakini Shangazi alipaswa kula. Siku iliyofuata Mzee, Bibi na Mama Pacha walishika njia kuu na miundu, mchana kweupe, kila mtu akiwaona. Kando ya barabara nyasi zilikuwa zimesalia vipande vipande, hapa kishungi, pale kishungi, kati ya mtaro na nguzo za umeme. Mzee aliinama kwenye kishungi cha kwanza, akakishika, kisha mkono ukasita. Akaligeuza jani moja juu na chini. Halikumwambia kitu.

"Zamani jani hatukuliuliza linatoka wapi," alisema.

"Zamani nawe ulikuwa hutoki alfajiri kwa siri," alisema Bibi.

Pampu iligonga mahali. Bomba alikuwa akija upande wa pili wa barabara, akielekea kazini. Aliwaona. Kwa nafasi ile angeweza kusema lolote, na mtaa mzima ungelirudia kwa mwaka. Mzee alijinyoosha, akajifuta mikono kwenye koti, akavuka barabara kumfuata.

"Mwanangu," alisema, "nina swali. Hapa umewahi kupuliza?"

Bomba alimtazama mzee, akautazama mundu, akamtazama Mama Pacha aliyekuwa amesimama kwenye jua kali bila kivuli. Akaitua pampu chini, mbali na mtaro, akaiacha hapo.

"Hapo nimepuliza," alisema. "Na pale mbele ya duka, mara mbili. Kuanzia ile nguzo iliyopinda hadi darajani, sijagusa. Barabara yote hii naijua, mzee wangu. Twende nikuonyeshe."

Akatangulia. Walikata mpaka jua likageuka, na Bomba alikwenda kazini kwake akiwa amechelewa, ana mbegu za nyasi kwenye suruali. Walipomaliza, Mama Pacha alitoa uzi wa rangi ya chungwa mfukoni, afunge mzigo.

"Rudisha huo," alisema Bibi. Alichomoa majani marefu kwenye mzigo, akayagawa mafungu mawili, akaanza kuyasokota mapajani upesi upesi, bila kuitazama mikono yake. "Kaa hapa nikufundishe."

Mzee alikaa upande wa pili, akainyoosha mikono.

"Na mimi," alisema. "Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Bibi alijua, akamfundisha tangu mwanzo.